Kisa cha Mwalimu na fedi iliyokuwa ikiishia mitini

Mwalimu alinijia mimi, kocha wa gofu, mwanzoni mwa Machi, mfuko wa fimbo begani na daftari la mistari mkononi. Ni mstaafu. Alifundisha hisabati sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, anacheza gofu kwa mkono wa kulia, na handikapu yake, yaani mapigo ya ziada anayoruhusiwa juu ya kiwango cha uwanja, wakati huo ilikuwa 13. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na hata kabla hatujakaa alikwisha fungua daftari. Ndani aliandika kila mpira alioupiga kwenye tii (pa kuanzia) ya shimo la saba tangu Oktoba. Raundi 22. Mipira 9 iliingia kwenye mikaratusi upande wa kulia, mipira 6 ilizama kwenye mibuni upande wa kushoto, na 7 tu ndiyo iliyobaki kwenye nyasi fupi.

"Mwanangu," akasema, "mpira unaopotea upande mmoja nauelewa. Huu unaopotea pande zote mbili unaninyima usingizi."

Uwanja wetu uko Arusha, pembezoni mwa shamba la kahawa. Shimo la saba ni par 4, yaani linapaswa kumalizwa kwa mapigo manne. Ukisimama kwenye tii, feawei, ile njia ya nyasi fupi, inakwenda moja kwa moja kama mita 180, kisha inakata kulia kuizunguka mikaratusi. Kushoto kuna vigingi vyeupe, na ng'ambo yake ni mibuni ya watu. Mpira ukivuka vigingi hivyo umetoka nje ya mpaka: unaongezewa pigo moja la adhabu na unarudi kupiga pale pale ulipokuwa. Mwalimu tangu ajifunze mchezo huu anapiga droo, yaani mpira unaoanza kulia kidogo na kurudi kushoto. Ni pigo zuri, linabingirika mbali. Kwa shimo la saba ndilo pigo linalokupeleka kwenye kahawa, na siku droo ikizidi ikawa huki, hata vigingi huvioni, unasikia tu mpira ukipasua majani.

Ndiyo maana akaamua kujifunza fedi. Kwa asiyeijua: kwa mchezaji wa mkono wa kulia, fedi ni mpira unaoanza kushoto mwa lengo kwa kipimo, ukifika juu unaanza kuegemea kulia taratibu, unatua karibu na lengo na haubingiriki sana. Slaisi inafanana nayo kwa kupinda kulia tu. Slaisi inakwenda inakotaka. Fedi unaipeleka wewe. Lee Trevino, aliyeshinda mashindano makubwa sita na ambaye aliishi kwa fedi, alikuwa akisema kwamba fedi inaongeleka, huki haisikii. Yeyote aliyewahi kuutazama mpira wake ukikimbilia kushoto huku anaupigia kelele usimame anajua maneno hayo yametoka wapi.

Mwalimu alijifunza peke yake, kwa kufuata maelekezo ambayo wachezaji wengi wa rika lake wameyashika: uelekeze uso wa fimbo kwenye lengo, uelekeze miguu na mabega kushoto, halafu piga kwa kufuata mabega yako. Mpira utaanza yaliko mabega na utaishia ulikotazama uso wa fimbo. Maelekezo haya yamechapishwa mara nyingi mno, na mimi mwenyewe niliyafundisha kwa miaka kadhaa. Hayako sawa, na kisa chote hiki kimesimama hapo.

Nilimpeleka uwanja wa mazoezi, nikampa chuma namba 7, fimbo ya masafa ya kati, na mipira kumi, nikakaa nyuma yake bila kusema neno. Lengo lilikuwa bendera iliyo mita 130. Miguu yake ilielekea kushoto sana, kiasi kwamba kedi (mbeba fimbo) aliyepita alidhani anapigia bendera nyingine. Mipira minane kati ya kumi ilifanya jambo lile lile. Iliondoka ikiwa juu ya mstari wa bendera, au kushoto kwake kidogo mno, kisha ikapinda kulia kwa nguvu na kutua mita 15, 20 kulia. Ilikuwa pia mifupi. Vidonda vya udongo ambavyo chuma kiliviacha kwenye nyasi vilielekea kushoto vyote, kama vidole vinavyomwonyesha mtu njia ya kwenda chooni, mbali kabisa na bendera.

Nikamuuliza, "Mwalimu, ukiona mpira umekwenda kulia, unafanya nini pigo linalofuata?"

"Najielekeza kushoto zaidi."

"Na mpira?"

Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unakwenda kulia zaidi."

Mpaka miaka ya 2000, tulichokijua kuhusu mpira unapoondoka kwenye fimbo kilitokana na macho na mazoea. Zikaja rada za Doppler, TrackMan ya Denmark ikiwa mojawapo ya mwanzo, zinazoufuatilia mpira hewani na kupima fimbo inapougusa. Zikaonyesha kwamba mpira unaanza safari karibu na mahali uso wa fimbo unapotazama wakati wa kugusana. Kwa vyuma, uso unachangia kama asilimia 75 ya mwelekeo wa kuanzia, na njia ya fimbo, yaani upande inakoelekea inapopita, inachangia kiasi kilichobaki. Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali kutoka kwenye tii, sehemu ya uso ni kubwa zaidi, karibu asilimia 85. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya vitu hivyo viwili. Uso ukitazama kulia kwa njia ya fimbo, mpira unapinda kulia. Tofauti ikikua, na kupinda kunakua.

Mwalimu alitoa kipimapembe mfukoni. Sijui kama huwa anatembea nacho au alikileta makusudi. Tukakaa kwenye benchi, tukachora.

Uso unatazama bendera: digrii sifuri. Njia ya fimbo inakwenda digrii 8 kushoto. Robo ya 8 ni 2, kwa hiyo mpira unaanza digrii 2 tu kushoto. Tofauti ya uso na njia ni digrii 8 nzima, na yote hiyo ni ya kupinda kulia. Mpira wa namna hiyo hauwezi kuishia kwenye bendera, utaipita tu. Sasa ongeza. Jielekeze kushoto zaidi, njia iwe digrii 12, uso ubaki kwenye bendera. Mpira unaanza digrii 3 kushoto, lakini tofauti imekuwa 12. Kila digrii aliyoiongeza kushoto ilimpa robo digrii ya kuanzia na digrii nzima ya kupinda. Alikuwa akizima moto kwa mafuta ya taa, na alikuwa akifanya hivyo kwa bidii, raundi baada ya raundi, akiandika matokeo.

Mwalimu aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Kwa hiyo uso wenyewe lazima utazame kushoto mwa lengo," akasema. "Unaitwa umefunguka kwa sababu ya njia, wala si kwa sababu ya bendera."

Hapo ndipo penyewe. Uso wa fimbo unaopiga fedi umefungwa ukiulinganisha na lengo, na umefunguka ukiulinganisha na njia. Kwa kipimo cha kufanyia kazi, njia ikiwa digrii 4 kushoto, uso uwe digrii 2 kushoto. Nusu kwa nusu. Mpira utaanza kama digrii mbili na nusu kushoto, na tofauti ya digrii mbili itaurudisha polepole. Wachezaji wengi wanaogopa kufanya hivi kwa sababu akili inawaambia kwamba mpira wa kwenda kulia unapigwa kwa uso uliofunguka kulia. Wakiufungua hivyo, mpira unaanzia kulia na kuendelea kulia, na hiyo siyo fedi.

Mchoro ni kitu kimoja na mikono ni kitu kingine, kwa hiyo tulirudi kwenye nyasi. Nilichomeka ufito wa mwanzi mita nne mbele ya mpira, juu kabisa ya mstari wa kwenda kwenye bendera. Kwa umbali wa mita nne, digrii tatu ni sentimita 21. Hiyo ni shubiri. Nikapima shubiri yangu kushoto mwa ufito, nikachomeka ufito wa pili. Kazi ya Mwalimu kwa wiki mbili ilikuwa moja: mpira upite katikati ya fito hizo mbili. Unakopinda na unakotulia haikuwa shauri yake wala yangu. Niliwahi kuwafundisha watu kupinda mpira kwanza na kuuelekeza baadaye, na wote walijifunza slaisi. Mpira usioanza panapotakiwa hauna namna ya kuwa fedi.

Siku ya kwanza, mipira 3 kati ya 20 ilipita kati ya fito. Mingi ilipita kulia mwa ufito wa katikati, kwa sababu mikono yake ilishazoea kuutazamisha uso kwenye bendera na haikutaka kukubali jambo jipya. Nikambadilishia mpangilio kidogo tu. Uso wa fimbo kwanza, uutazamishe ndani kidogo ya ufito wa kushoto, kabla miguu haijasogea. Kisha miguu na mabega yaelekee kushoto kwa kiasi cha mara mbili ya hapo, basi. Mpira usogee mbele kuelekea mguu wa kushoto kwa upana wa mpira mmoja, milimita 43 hivi, ili chuma kiufikie kikiwa kimeanza kukata kushoto. Mshiko ulibaki ule ule kwa wakati huo. Sipendi kubadilisha vitu vinne kwa siku moja, mtu akipiga vizuri hajui kipi kimemsaidia.

Wiki ya pili tulipaka poda kwenye uso wa draiva. Hili lilitokana na jambo ambalo daftari lake halikuweza kulieleza: baadhi ya mipira iliyopita vizuri kati ya fito bado ilipinda kulia kupita kiasi. Poda ilijibu. Alama za mpira zilikuwa upande wa kisigino cha draiva, karibu na mpini. Mpira ukigongwa kisigino unapata mzunguko wa ziada wa kuupeleka kulia hata kama uso na njia viko sawa. Mtu anaweza kuhangaika na mabega mwezi mzima kumbe tatizo ni sentimita moja na nusu. Nikamsogeza nyuma kidogo kutoka kwenye mpira. Alama zikarudi katikati, na mipira ikatulia.

Mpaka mwishoni mwa Aprili alikuwa akipitisha 13 kati ya 20. Hapa nilifanya kosa langu. Nilifurahi mno, nikamwambia aiache droo kabisa, apige fedi mashimo yote 18. Nilikuwa na hoja: Ben Hogan, bingwa wa zamani wa Marekani, naye alisumbuliwa sana na huki miaka yake ya mwanzo, akabadilisha mshiko na kifundo cha mkono, akaifanya fedi kuwa pigo lake, na akashinda US Open mwaka 1948, kisha 1950, 1951 na 1953, mara tatu za mwisho zikiwa baada ya ajali ya gari ya Februari 1949 iliyokaribia kumuua. Dustin Johnson pia aliacha kutegemea droo, akahamia kwenye fedi, na mwaka 2016 akachukua US Open yake pale Oakmont. Lakini hao ni watu wanaopiga mamia ya mipira kila siku iendayo kwa Mungu. Mwalimu anapiga mipira 60 kwa wiki, na mgongo wake una miaka 66. Ndani ya wiki mbili alikuwa hana droo wala fedi. Akisimama kwenye tii, mwili unauliza leo tunakwenda upande gani, na jibu linakuja akiwa amekwisha kuizungusha fimbo.

Nilimwomba radhi. Tukakubaliana droo ibaki kuwa pigo lake la kawaida, na fedi iwe ya mashimo matatu tu yanayoihitaji, la saba likiwa la kwanza. Kwa mchezaji wa kiwango chake sasa naamini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, ingawa najua makocha wenzangu wengi watabisha.

Mei tukarudi shimo la saba lenyewe. Mipira mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri hadi nikasahau kupumua. Wa nne ulianza kushoto kama ulivyopangwa, halafu ukakataa kurudi. Ulinyooka kushoto, ukavuka vigingi, ukatua kwenye kahawa. Mwalimu alinigeukia na uso wa mtu aliyepigwa na mtoto wake mwenyewe.

Hili ndilo kosa baya kuliko yote kwa mpiga fedi, kwa sababu tayari umeshajielekeza upande wa hatari ukiamini mpira utarudi. Linatokea vivi hivi kila mara. Mchezaji anaiona mibuni, anaogopa, kifua kinasimama kabla ya kugusa mpira. Mwili ukisimama mikono haisimami, inaendelea na kujipindua, uso wa fimbo unafunga zaidi ya njia, na tofauti yote uliyoitengeneza inayeyuka. Aliyezoea droo ana hatari maradufu, maana mikono yake imefundishwa kujipindua kwa miaka mingi.

Dawa tuliyotumia ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mshiko, ambao sasa ulikuwa umefika wakati wake. Akitazama chini, Mwalimu alikuwa akiona vifundo vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto. Tukauzungusha mkono huo kushoto kidogo, avione viwili. Kwa mshiko huo uso wa fimbo hauwahi kufunga haraka. Pili, nilimpa jambo moja la kuwaza na kumkataza mengine yote: kitovu kisisimame. Kianze kugeuka na kimalize kikitazama kushoto mwa feawei, huku uso wa fimbo, unapofika usawa wa kiuno baada ya kupiga, ukiwa bado unatazama juu angani. Ukikuta uso umetazama chini kwenye nyasi, mikono imejipindua. Hii anaweza kuifanyia mazoezi sebuleni kwake kwa fimbo ya kutembelea, na amekuwa akifanya hivyo, mkewe aliniambia.

Julai alisafiri kwenda Dar es Salaam kwa mechi ya kirafiki, tukaenda pamoja. Jioni ya kuamkia mechi tulipiga mipira kwenye uwanja wa karibu na bahari, na nashukuru tulifanya hivyo. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani. Mpira unakwenda mbali zaidi na haupindi sana. Dar hewa ni nzito, inaushika mpira. Fedi ile ile ya Mwalimu, iliyopita kati ya fito zile zile tulizozibeba kwenye buti la gari, ilikuwa fupi na ilipinda mpaka ukingo wa kulia. Juu ya hapo kusi ilikuwa ikivuma, na mashimo yaliyokuwa na upepo wa kutoka kushoto yalikuwa yakiusukuma mpira kana kwamba umeitwa.

Alianza kugeuza miguu kushoto zaidi. Nilimwona akifanya hivyo, na kabla sijafungua mdomo akasimama, akacheka, akasema, "Robo digrii na digrii nzima." Akairudisha miguu, akapunguza njia badala ya kuiongeza, uso ukabaki pale pale, ndani kidogo ya ufito wa kushoto. Mpira ukarudi kiasi. Kwenye mashimo ya upepo wa kutoka kushoto nilimshauri aachane na fedi kabisa, apige droo yake dhidi ya upepo, inyooke. Kwa wale wa pwani wanaojifunza pigo hili: msiige vipimo vya watu wa bara, vya kwenu vitakuwa vidogo zaidi.

Tangu Agosti amecheza shimo la saba mara 14. Daftari linasema 9 feawei, 4 mitini, 1 kwenye kahawa. Ile minne ya mitini inaniudhi. Mitatu kati yake alikiri mwenyewe kwamba uso wa fimbo ulirudi kuitazama feawei alipokuwa amechoka, raundi inaelekea jioni, na macho yakakataa kuamini kwamba kushoto ndiko kwa kuanzia. Nimemwambia achague kitu mita nne mbele ya mpira, jani au kidonda cha udongo, kilicho shubiri moja kushoto mwa mstari, akitazame hicho na asiitazame tena feawei hadi apige. Juzi nilipofika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta ameshafika kabla yangu, amechomeka fito zake mbili, amepiga magoti kwenye umande akipima kwa mkono.